Roboti ya mwanangu niliyoinunua mara mbili

Mimi ni fundi wa magari hapa Moshi, mwaka wa 14 sasa. Karibu kila wiki anakuja mtu ameona gari mahali, hela anayo mkononi, anataka nimsindikize nikalikague kabla hajalipa. Nalala chini, natingisha gurudumu kusikiliza boljointi, napitisha vidole kwenye mianya ya milango nijue kama liliwahi kugongwa na kunyooshwa. Nimewaambia watu wengi "hili achana nalo", na wengine walirudi kunishukuru.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa mwaka jana niliingia duka moja mjini, nikatoa shilingi 42,000 kwa boksi ambalo sikulifungua. Ndani kulikuwa na roboti inayogeuka kuwa gari la mbio, na moyoni nilijiambia kitu cha mtoto hakikaguliwi. Hela ile ilipotea. Na hela haikuwa hasara kubwa kuliko zote, kama nitakavyoeleza.

Nianze na sababu ya kuinunua. Kijana wangu ana miaka 7. Mwanzoni mwa mwezi wa nane alianguka kutoka kwenye mparachichi kwa bibi yake Kibosho, akavunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Alifungwa hogo wiki 6. Siku lilipokatwa, mkono ulitoka mwembamba, ngozi inabanduka, vidole havitaki kukunja ngumi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akatupa kazi za kufanya nyumbani: kukamua kitambaa chenye maji, kufunga vifungo vya shati, kuzungusha kiganja juu na chini kama mtu anayefungua kitasa. Mtoto alifanya siku mbili, ya tatu akagoma. Kila kitu akawa anatumia kushoto, hata kijiko. Ukimkumbusha anaficha mkono nyuma ya mgongo na machozi yanaanza.

Mama watoto ndiye aliyepata wazo. "Mpe kitu anachokipenda, mazoezi atayafanya bila kujua." Na alichokuwa anakipenda tulikijua wote. Kwa jirani kuna runinga, na kila akitoka huko anatembea kwa kukakamaa, mikono inatoa mlio wa gia, ghafla anachuchumaa anakuwa gari.

Dukani boksi lilikuwa zuri. Dirisha la nailoni mbele, gari la njano linang'aa, pembeni picha ya roboti ameshika upanga. Nilimwomba muuzaji alifungue nione inavyogeuka. Akasema, "Kaka, nikilifungua mteja mwingine hatalichukua." Nikaona ana haki. Ila niseme ukweli: niliona aibu pia. Duka lina watu, mimi nimetoka gereji, mikono ina grisi, nisimame pale nageuzageuza mdoli? Nikalipa, nikatoka. Risiti sikudai.

Jioni ile tulikaa wote kwenye mkeka. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na picha 23 ndogo, moja inafanana na nyingine. Mlango wa kwanza ulikataa kufunguka. Nikampokea mtoto, nikavuta kwa nguvu yangu, na kwenye kona ya bawaba plastiki ikageuka rangi, ikawa nyeupe. Alama ile naijua. Ndiyo ile ile unayoiona kwenye bampa linalokaribia kupasuka. Nilipaswa kuacha hapo. Sikuacha, kwa kuwa mtoto alikuwa ananiangalia. Hatua ya tisa au ya kumi, bega la kulia likatoa mlio, ta, mkono ukabaki kwangu.

Kijana alikaa kimya, halafu akasema, "Na yeye amevunjika wa kulia."

Usiku ule nilifanya kosa la pili. Nilitia supaglu kwenye bega. Asubuhi mkono umeshika kweli, lakini haukunjiki tena. Gundi ilikuwa imeingia ndani ya kiungo chenyewe. Roboti ikawa haiwezi kugeuka gari wala kusimama vizuri, imeinua mkono mmoja juu. Nikairudisha dukani nikaambiwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na hii imeshatiwa gundi, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Tungeishia hapo ningeshasahau. Siku nne baadaye mama watoto akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Binti yetu mdogo, wakati huo miezi 11 na anatambaa, alikuwa ameshika betri ya saa, zile bapa kama kitufe, anaipeleka mdomoni. Ilitoka kwenye roboti. Kifuani ilikuwa na taa, na taa inatumia betri tatu za namna hiyo. Kifuniko chake hakikuwa na skrubu. Kilifungwa kwa kubanwa tu, kucha inatosha kukifungua. Mbili tulizikuta ndani, ya tatu mkononi mwa mtoto. Nilizihesabu mara nyingi usiku ule.

Kila mwenye mtoto mdogo nyumbani alijue hili. Betri hizo si kama sarafu inayomezwa ikatoka yenyewe. Ikikwama kooni, umeme wake ukikutana na unyevunyevu unaunguza nyama, na ndani ya saa 2 tu inaweza kufanya jeraha kubwa la ndani. Ukihisi mtoto amemeza, usimtapishe wala usisubiri uone kama itatoka. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na kabla hata hujauliza bei ya mdoli wowote wenye taa au sauti, geuza utafute kifuniko cha betri. Kama hakihitaji bisibisi kufunguka, rudisha mezani. Siku hizi hili silijadili na muuzaji yeyote.

Baada ya hapo ndipo nilianza kujifunza kweli. Nilikuwa nakaa na simu usiku nikitazama watu wanavyozigeuza roboti hizi, mara nyingine nasimamisha picha niangalie kiungo kimoja. Nilijifunza kwamba zina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Kampuni ya Takara ya Japani ilikuwa inatengeneza midoli ya kugeuka, na mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ikaichukua na kuiuza kwa jina la Transformers. Miongoni mwa za mwanzo kulikuwa na Lamborghini Countach nyekundu, na kigari kidogo cha njano, Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Ilipotoka sinema ya mwaka 2007, yule wa njano akafanywa Chevrolet Camaro. Hapo nikaelewa kwa nini maduka yetu yamejaa magari ya mbio ya njano. Kila anayeiga anamwiga yeye.

Lakini kilichonifungua macho ni umbo lenyewe. Gari la kawaida la mtoto likiwa na mlango usiofunguka, ni gari tu. Kwenye roboti, mlango ni bawa, boneti ni kifua, nyuma ya gari ni miguu. Karibu kila kipande cha bodi kina kazi ya pili. Kwa hiyo rangi na kung'aa havikuambii lolote. Thamani yote iko kwenye viungo. Nilipoliona hilo nilijisikia vibaya, kwa sababu viungo ndiyo kazi yangu.

Viungo vyenyewe viko hasa vya namna tatu, na fundi yeyote wa gari atavielewa. Kuna boljointi, kichwa cha mviringo kama mpira kinachoingia kwenye kikombe, mara nyingi begani na kwenye nyonga. Hiyo huzunguka kila upande, lakini ndiyo inayolegea mapema. Kuna pini ya chuma iliyopita katikati ya vipande viwili, kama bawaba ya mlango. Na kuna kiungo cha meno, kinachotoa sauti ya ta-ta-ta ukikikunja, kinachoshika mahali ulipokiacha. Roboti nzito ikiwa na meno kwenye magoti na nyonga, itasimama. Ikiwa na boljointi tupu itainama kama mlevi baada ya mwezi. Kwenye zile nzuri, plastiki ya kiungo huwa tofauti kidogo na ya bodi, laini na yenye utelezi. Ile yangu ya kwanza ilikuwa plastiki moja ngumu kila mahali, hadi ndani ya kikombe cha bega. Ndiyo maana ilikatika.

Halafu kuna suala la umri. Kwenye boksi kulikuwa na alama ya 8+, nikaisoma kama onyo la hatari tu, nikasema wangu wa 7 ana akili. Namba ile inasema pia ugumu wa kugeuza. Zipo roboti za watoto wadogo za hatua moja, unabonyeza zinageuka zenyewe. Zipo za hatua sita saba. Zipo za watu wazima wanaokusanya, hatua nyingi, vipande vyembamba, hazikusudiwi mikono ya mtoto hata kidogo. Na ukubwa si kipimo: ya sentimita 14 inaweza kuwa ngumu kuliko ya 18. Mimi nilihitaji ya katikati. Ya kubonyeza isingempa kazi kijana, ya hatua 23 ilimliza.

Mwezi wa kumi na moja nilipanda daladala kwenda Kiboriloni. Anayeijua Moshi anajua soko la mitumba la pale. Watu wanafikiri nguo na viatu tu, lakini ukizunguka utakuta pia marundo ya midoli iliyokuja ndani ya maroba, imetandazwa juu ya turubai. Uzuri wa mtumba katika jambo hili ni kwamba hakuna boksi. Hakuna anayekukataza kugeuza.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa na rundo kubwa. Nikachuchumaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Chagua tu, usiogope."

Nilikaa pale karibu saa nzima, na safari hii sikuona aibu. Katikati ya wanyama wa plastiki nikatoa gari jekundu la mbio, lina uzito mzuri mkononi. Nikalikagua kama ninavyokagua la mteja. Kwanza nililitingisha karibu na sikio, halikulia kitu ndani. Nikaliweka juu ya ubao wa mama yule: magurudumu yote manne yaligusa. Nikatazama mianya ya milango na boneti. Kama mwanya ni mpana upande mmoja na mwembamba mwingine, kuna kipande hakijakaa mahali pake au kimepinda. Nikalisogeza juani nikatafuta ile alama nyeupe kuzunguka kila pini, na kuangalia kama kuna pini iliyoanza kutoka. Nikalinusa. Lililonuka kama kandambili mpya ya bei rahisi, mimi siku hizi siliweki kwenye mikono ya mtoto, hata bila kipimo cha maabara.

Kisha nikaligeuza, pole pole, bila karatasi. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: ligeuze kwenda na kurudi, mara tatu. Mara ya kwanza unajifunza njia. Mara ya pili unasikia kiungo kipi kinabana. Mara ya tatu geuza kwa vidole viwili tu vya kila mkono, bila kukaza, kwa sababu hiyo ndiyo nguvu ya mtoto. Ya kwangu ya kwanza isingefika hata mara ya pili. Hii ilifika zote. Kisha nikaisimamisha kama roboti, nikanyoosha mkono mmoja mbele, nikahesabu hadi 20. Mkono wa kulia ulibaki. Wa kushoto ulishuka taratibu. Bega limelegea. Kiganja cha kushoto pia hakikuwepo, na kibandiko kimoja kimechanika. Ndani ya paja kulikuwa na herufi ndogo zilizochongwa: Hasbro, Tomy (kampuni iliyoungana na ile Takara), na nchi ilikotengenezwa. Zinasaidia, ila usizitegemee peke yake, maana kuna wanaoiga hadi herufi. Kiungo hakiigiki kirahisi hivyo.

Mama alianza na 15,000. Nikamwonyesha bega na kiganja, tukaishia 9,000. Betri haikuwa nazo wala sehemu ya kuziweka, na hilo ndilo lililonifurahisha zaidi.

Nyumbani nilifanya kosa la tatu, na hili ni la mafundi. Kioo cha mbele kilikuwa na gundi ya zamani ya kibandiko. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kopo la petroli, kama tunavyofanya gereji. Kioo kikafifia papo hapo, kikawa kama jicho lenye mtoto wa jicho, na hakijarudi hadi leo. Plastiki angavu na petroli havipatani. Maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani vingetosha. Hata hayo maji usiloweke usiku kucha, ndani kuna pini na springi za chuma zitashika kutu. Kausha kivulini, kwa sababu jua kali hubadilisha plastiki nyeupe ikawa ya manjano.

Bega lililolegea nilitibu kwa njia niliyoiona kwa wakusanyaji. Unachomoa boljointi, unapaka juu ya ule mpira rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka jembamba, unaacha siku nzima ikauke kabisa, ndipo unarudisha. Mpira unanenepa kidogo na kikombe kinaushika. Rangi ya kucha niliipata kwa 1,500. Ningeijua mwezi wa tisa nisingeshika supaglu.

Sikumpa kijana siku ile ile. Nilingoja jioni ambayo hajachoka, nikaiweka mezani ikiwa gari, nikaondoka kwenda kuosha mikono. Niliporudi alikuwa amefungua milango. Hakuwa na karatasi, na sikumwelekeza. Hatua ya kuzungusha kiuno ndiyo ilimshinda, kwa kuwa inataka kiganja cha kulia kishike na cha kushoto kizungushe. Alijaribu, akaacha, akaenda kula, akarudi. Nilimwona anakunja uso. Nilitaka sana kumsaidia, mama yake akanishika goti chini ya meza. Usiku wa pili aliweza. Alikuja na roboti imesimama juu ya kiganja chake cha kulia, kidole gumba kinatetemeka, haiangushi.

Baada ya wiki tatu hivi alikuwa anaigeuza bila kuangalia, huku anaongea mambo mengine. Mazoezi ya kukamua kitambaa tuliendelea nayo, kwa sababu mtaalamu alisisitiza na mdoli si dawa. Lakini kule kugoma kuliisha. Kiganja kilichokosekana alikichonga mwenyewe kutoka kwenye kipande cha ndala iliyokatika, kwa wembe, mimi nikimsimamia. Kimezidi ukubwa kidogo. Anasema ni glovu.

Tulipoenda kuangaliwa mkono mwezi wa kwanza, daktari alimwambia azungushe kiganja juu na chini. Akazungusha mara moja, kisha akaitoa roboti kwenye begi la shule na kuigeuza pale juu ya meza, hatua zote, kwa mikono miwili. Daktari alisubiri hadi mwisho ndipo akaandika.

Ile ya njano niliifungua yote. Skrubu na springi zake ziko kwenye kopo gereji, betri niliziviringisha na solotepu kila moja peke yake kabla ya kuzitupa. Juzi goti la kushoto la jekundu limeanza kulegea. Nimeiacha boljointi juu ya dirisha tangu jana jioni, rangi inakauka, na kijana ameshaniuliza mara mbili kama iko tayari.